Upande wa Pili wa Kamba

Baba yangu hajawahi kupanda ndege. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba amefanya kazi uwanja wa ndege tangu mimi nikiwa mgongoni, humtazama kwa heshima wakidhani wamekutana na mtu wa mawinguni. Hapana. Baba ni mtu wa chini. Kazi yake ni kuvuta kamba.

Na uwanja wenyewe tusiutie chumvi. Ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa juu ya mlima, nyasi zimekatwa, kuna uzio wa waya wa kuzuia ng'ombe, kibanda cha mabati chenye meza na redio ya mawasiliano, mapipa ya mafuta, na mfuko wa kitambaa juu ya mti unaoonyesha upepo unakotokea. Banda la ndege lilijengwa nusu likaishia hapo. Kwa hiyo ndege ikilala kwetu, inalala nje. Na kwetu kuna baridi ya kung'ata masikio, baridi ambayo ukiacha ndoo ya maji uani, asubuhi unaibishia hodi kwanza ndipo upate ya kunawa.

Ndege ikilala nje kwenye baridi hiyo, asubuhi unaikuta imevaa nyeupe. Shuleni mwalimu alituambia jina lake ni jalidi. Tukaandika, tukafaulu mtihani, tukaliacha jina hukohuko darasani. Pale uwanjani kila mtu anasema msasa. Ukipitisha kiganja juu ya bawa utajua kwa nini: ni vipunje vidogo vikavu vinavyokwaruza, hasa kama karatasi ya msasa ya seremala. Hauna uzito wala unene. Mtu aliyezoea joto akiutazama anaona umande, basi. Lakini bawa hubeba ndege kwa ulaini wake. Hewa inataka kupita juu yake ikiteleza, na ikikutana na msasa inajikwaa na kuliachia bawa. Ndege itanguruma uwanja mzima isipate nguvu ya kunyanyuka. Au itanyanyuka kidogo, iwape watu moyo, halafu ishuke puu.

Baba alilishuhudia hilo kwa macho yake. Wakati huo alikuwa mkata nyasi tu. Ndege iliondoka na msasa wake mgongoni, rubani hodari, abiria wana haraka zao, ikavuka uzio kwa kimo cha mtu na kwenda kulala kifudifudi kwenye shamba la viazi. Baba ndiye aliyefika wa kwanza. Alichokikuta hajatusimulia mpaka leo, na sisi tumejifunza kutouliza. Ninachojua ni kwamba baada ya mazishi alikwenda kwenye kibanda cha mabati akaomba apewe kazi ambayo haikuwapo.

Kazi yenyewe ni hii. Unachukua kamba nene, laini, unairusha juu ya bawa. Mmoja anashika mwisho wa mbele, mwingine mwisho wa nyuma, mnavutana huku na huku kama wapasuaji mbao na msumeno wao, mkisogea polepole kutoka tumboni mwa ndege hadi ncha ya bawa. Msasa unamwagika kama unga. Mnahamia bawa la pili. Mkia mnaufuta kwa kitambaa kikavu. Mwisho mnapitisha mkono mahali pote, maana jicho ni rahisi kudanganyika. Ni kazi ya kijinga kabisa, inachosha mabega, na mtu mmoja haiwezi.

Mtu wa pili alikuwa Mama.

Sijui walikubaliana lini. Nilipopata akili niliwakuta hivyo: Baba mbele ya bawa, Mama nyuma, giza linaondoka. Ndege yetu bawa lake liko juu, kwa hiyo mvutaji haoni uso wa mwenzake, anaona kuanzia kifuani kwenda chini. Mimi hali ya nyumba yetu niliisoma pale. Kamba ikienda taratibu, nyumbani kumetulia. Mama akiivuta kwa kushtukiza mpaka Baba anapepesuka, basi Baba jana yake kafungua mdomo vibaya. Wangeweza kununiana wiki nzima, hakuna salamu wala karibu chakula, lakini asubuhi Baba akirusha kamba, upande wa pili inadakwa. Mama alipiga fundo mwisho wa upande wake, ili kamba isimponyoke kwenye baridi. Fundo lile hakuna aliyeruhusiwa kulifungua, hata siku ya kufua kamba.

Abiria walimjua kwa ulimi wake. Abiria wa asubuhi ni watu wa kulalamika, wamevaa viatu vya mjini, miguu imekufa ganzi, wanaona wazee wawili wanachezea kamba. Wakisema, "Jamani, si umande tu huo?", Baba alikuwa anaeleza. Mama hakuwa na muda huo. Alikuwa anasema, "Pitisha mkono." Mtu akipitisha, ananyamaza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ingawa nimeshaichoka.

Tumbo la Mama lilianza kama mchezo. Alilalamika jioni, akanywa maji ya moto, akalala. Kesho yake mchana alikuwa hawezi kunyoosha mgongo. Muuguzi wa zahanati alimbonyezabonyeza, kisha akatuita nje mimi na Baba. Alituambia utumbo umejisokota, anahitaji kisu, na kisu kiko mjini. Barabara ya mjini mvua ilikuwa imeikata vipande. Tukaita kwa redio. Rubani alikuja, binti mwenye koti kubwa kuliko yeye, lakini alitua jua likizama na uwanja wetu hauna taa. Kuruka gizani katikati ya milima ile haikuwa shauri la kujadili.

"Kukipambazuka tu, Mzee," alimwambia Baba. "Msasa ukitoka, nawasha."

Jioni hiyohiyo aliwasili Mjomba. Ni kaka yake Mama, wakati huo alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko chini bondeni kwenye joto. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu aliposikia dada yake anaumwa. Mjomba ni mtu wa masufuria makubwa. Maisha yake yote amepika kwa moto mkali, na kwake hakuna tatizo duniani lisiloishia kwenye maji yanayochemka: uchafu, mafua, hata huzuni. Alipomwona Mama amejikunja vile, hakulia. Alikwenda jikoni kwetu akabandika maji.

Kulipopambazuka ndege ilikuwa nyeupe kuanzia puani hadi mkiani. Baba alitangulia na kamba yake. Aliirusha juu ya bawa la kulia kama kawaida, akasimama, akasubiri. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Niliona ule mwisho wenye fundo unaning'inia upande wa pili, unapepea, hakuna mtu. Nadhani kwa muda ule mdogo Baba alisahau. Kisha akakumbuka, na mabega yake yakashuka kwa namna ambayo sikuipenda.

"Shemeji," alimwita Mjomba, "nishikie hapo."

"Nishike nini?" Mjomba alikuwa anatetemeka, kwa baridi na kwa hasira. "Dada yangu anakata roho, wewe unataka tucheze kuvuta kamba?"

"Ni msasa huu. Lazima utoke."

"Msasa gani bwana! Umande huu, umande tu! Ikikimbia, upepo si utaupuliza wote? Mna mgonjwa nyie, lakini mnajivuta utadhani mnakwenda harusini!"

 Baba alinitazama mimi, nikazunguka, nikashika fundo. Lilikuwa la kiganja cha Mama, mimi lilinikaa vibaya. Tulivuta. Sikuwa na mwendo wake, nilikuwa navuta mapema au nachelewa, na kila nikikosea nilimsikia Baba anavuta pumzi. Bawa la kulia likaisha. Tukaenda kufuta mkia kwanza, mabega yangu yapumzike kabla ya bawa la kushoto.

Tulipokuwa mkiani ndipo Mjomba alipofanya lake. Rubani alikuwa mbele anaifunua injini blanketi. Muuguzi na mlinzi wa uwanja walikuwa wanamleta Mama kwa machela. Mjomba alikimbia nyumbani, ambako ni hapo tu ng'ambo ya uzio, akarudi na sufuria letu kubwa linatoa mvuke, akapanda juu ya pipa, na bawa la kushoto lote akalimwagia maji ya moto. Msasa uliyeyuka palepale. Alikwenda akajaza tena, akarudi, akamwaga. Tulipogeuka, bawa lilikuwa safi, linang'aa.

"Haya!" alisema Mjomba akihema. "Kazi ya dakika, mnaifanya asubuhi nzima. Mpakieni dada yangu!"

Alisema kwa upendo. Hilo nalijua, na halinisaidii.

Mama akalazwa nyuma, palipoondolewa viti, muuguzi pembeni yake. Rubani alilitazama bawa, akamtazama Baba. Na Baba, mtu aliyewafundisha marubani wazima wasiamini macho yao, alisimama pale akalitazama bawa kwa macho tu. Hakunyoosha mkono. Nimelifikiria hili mara nyingi. Sidhani kama alisahau. Alikuwa amechoka, na alitaka iwe kweli. Alitaka mara moja tu maishani mwake kitu kiwe rahisi.

"Nendeni," alisema.

Mlango ulikuwa bado wazi. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, uso umekwisha rangi, na mahali alipolala alikuwa anaona ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto, ukingo uleule aliousimamia miaka yote. Akasema, taratibu, kama mtu anayekumbusha chumvi mezani:

"Baba watoto. Yale matone mbona hayadondoki?"

Tukatazama. Ukingoni mwa bawa palikuwa na matone yamepangana, mazuri, yametulia. Hakuna hata moja lililokuwa linaanguka.

"Pitisha mkono," alisema Mama.

Baba alipanda pipa akapitisha mkono. Ulikwenda bila kukwaruza, na uso wake ukabadilika. Maji ya Mjomba yalikuwa yamepoa juu ya bati lenye baridi na kuganda upya, safari hii si msasa bali barafu yenyewe, kioo kitupu kisichoonekana. Yalikuwa yameingia pia kwenye bawaba za kile kibawa kidogo cha nyuma kinachoinamisha ndege ikitaka kukata kona. Rubani aliruka ndani akajaribu usukani. Upande mmoja ulikwenda. Upande wa pili ulikaza.

"Hairuki hii," alisema, sauti yake ndogo. "Hata hivyo ningegundua kabla hatujaanza kukimbia. Nadhani ningegundua."

Barafu haiogopi kamba. Baba alijaribu. Mimi nikiwa kwenye fundo, tulivuta mpaka kamba ikaanza kutoa nyuzi, na bawa likabaki vilevile. Tukashirikiana sote kuigeuza ndege, tukaelekeza bawa la kushoto mahali jua linapotokea, tukakaa kulisubiri. Jua la kwetu lina kilima mbele yake. Unaona mwanga kule bondeni, watu wa kule wameshavua masweta, wewe bado uko kivulini.

Mjomba alikuwa amepanda juu ya lile pipa analisugua bawa kwa viganja vitupu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hakuna aliyemwambia aache. Ngozi ilikuwa inabaki kwenye barafu. Mimi nilimwambia maneno ambayo sijayarudisha, na sijui kama nitayarudisha. Baba alikuwa anakitazama kilima.

"Kaka yangu yuko wapi?" Mama aliuliza. Muuguzi alikuwa amemchoma sindano, maumivu yametulia kidogo.

Mjomba alishuka, akasimama mlangoni, mikono kaificha nyuma kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Maji yote hayo umechemsha," Mama alimwambia, "na chai hukuniletea."

Mjomba alicheka, halafu kicheko kikamgeuka. Mama akamwacha alie. Kisha akamtafuta Baba.

"Kesho utavuta na nani?"

"Utapona, utarudi," Baba alisema.

"Sijauliza hilo. Nauliza kesho."

Baba alimfunika vizuri blanketi kwenye miguu, ambayo ilikuwa imefunikwa tayari.

Jua lilipofika, yale matone yalianza kudondoka. Moja, halafu mengine, halafu yote. Baba alipitisha mkono mara ya kwanza, ya pili, akamwambia rubani naye apitishe. Kibawa kikafunguka. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka vizuri, ikakata kona juu ya kilima bila shida yoyote. Sijawahi kuona ndege inaruka vizuri vile. Baba alibaki chini, kwa sababu nafasi yake ilikuwa ya muuguzi.

Mjini walimpasua siku hiyohiyo. Akapata nafuu kwa nusu siku, akazungumza, kisha akafa alfajiri. Kwenye redio daktari alisema tulichelewa. Hakusema kwa kiasi gani, na Baba hakuuliza.

Ndege ileile ndiyo iliyomrudisha. Ilifika jioni, ikalala nje, na asubuhi ya mazishi rubani alikuwa anahitajika kwingine. Nyumbani kulikuwa na waombolezaji hadi jikoni. Nilimsikia Baba anaamka, anatafuta viatu vyake gizani, nikamfuata nikijua kwamba nitashika mimi. Tulipofika, ndege ilikuwa nyeupe, na mtu alikuwa amesimama nyuma ya bawa la kulia. Nilimtambua kwa bandeji za mikononi.  Baba alimtazama kwa muda mrefu, na mimi nikajua kabisa kwamba anamfukuza. Nilitaka amfukuze.

Baba akarusha kamba. Upande wa pili ikadakwa.

Mjomba hakurudi tena kwenye masufuria yake. Alipanga chumba nyuma ya zahanati, na tangu hapo hajakosa asubuhi hata moja. Hakulifungua fundo. Mkono wake ni mkubwa, haliingii vizuri kiganjani, kwa hiyo hushika juu yake kidogo, na fundo linabaki likining'inia chini ya ngumi yake. Hawakuwa wanaongea. Baba hakumwita shemeji tena, wala jina lolote. Ulikuwa unaona miguu ya wazee wawili inasogea pamoja hadi ncha ya bawa, inazunguka pua ya ndege kimyakimya, inaanza upande mwingine. Mwanzoni Mjomba alikuwa anavuta kwa nguvu za mtu anayejiadhibu. Baba alikuwa anamwachia. Baadaye wote wawili walichoka, na mwendo ukawa mmoja.

Siku moja niliushinda woga nikamuuliza Baba. Alikuwa amekaa kizingitini anakunja kamba.

"Kama ndege ingeruka vilevile na msasa, kabla Mjomba hajamwaga maji. Kama ungeachia tu."

"Angekufa. Na muuguzi. Na yule binti."

"Huna uhakika, Baba. Zimewahi kuruka na msasa zikafika."

"Sina," alisema. Aliendelea kukunja kamba. "Na kama mjomba wako angenishikia kamba, tungeondoka mapema, pengine angepona. Hilo nalo sina uhakika. Unataka nikupe lipi? Nenda kalale, mama."

Huwa ananiita mama akichoka sana. Sikumuuliza tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwatembelea, nikatoka nao asubuhi. Baba siku hizi mgongo umepinda, na Mjomba anakohoa. Palikuwa na abiria mmoja tu, bwana wa makamo, koti lake jepesi la kwenye joto, anarukaruka kwa baridi. Alikuwa na mtoto wake amelazwa mjini, alishatuambia mara kadhaa. Alilitazama bawa, akawatazama wazee.

"Wazee wangu, nawaombeni," alisema. "Si umande tu huu? Mtoto wangu anaumwa, na nyinyi mnavuta kamba!"

Kamba ilisimama. Baba alikuwa mbele, hakugeuka. Alishaacha kueleza watu siku nyingi. Nilidhani ataendelea kuvuta, lakini upande wa pili ulikuwa umekaza. Mjomba alikuwa ameganda pale na ngumi yake juu ya fundo, na mimi nilisikia aibu, nikatamani yule bwana angenyamaza.

"Njoo," Mjomba alisema. Sikuwahi kumsikia akizungumza na abiria. Sauti ilimtoka na kutu. "Njoo hapa, mwanangu. Pitisha mkono."

Yule bwana alisogea, akanyoosha mkono, akaupitisha ukingoni mwa bawa. Akautazama mkono wake. 

Baba alikuwa bado mbele ya bawa. Nilimwona kuanzia kifuani kwenda chini, mikono imeshuka, kamba imelegea, na kifua kinapanda na kushuka. Alikaa hivyo kwa muda, mpaka rubani akachungulia kuona kuna nini.

"Vuta, shemeji," alisema Baba.

Na Mjomba akavuta.